Gari la Kijani na Maji ya Wageni

Ngarenaro, Arusha
12 Mei 1957

Mwanangu Elifuraha,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi huku tunapumua, na mtu anayepumua hana haki ya kulalamika, ingawa nitalalamika kidogo mbele ya safari. Mama yako hajambo, isipokuwa mgongo wake, ambao siku hizi unajua habari za mvua kabla ya mawingu. Dada yako Hanna kule Poli amejifungua salama mtoto wa kike, wamempa jina la Ruth, ana sauti ya mwinjilisti. Upepo umeangusha migomba michache kihambani. Ng'ombe yule mwekundu tumemuuza, usimwulize mama yako habari zake.

Barua yako ya mwisho ilifika kabla ya Pasaka. Ulisema mvua imenyesha na mkonge unakatwa. Mwanangu, mkonge sikuuzaa mimi. Nataka habari zako wewe. Krismasi ulikuja, ukakaa siku mbili, hata ile ya tatu ya kukupa jembe hatukuifikia, ukapanda treni. Mama yako mpaka leo anajiuliza kama ni nyama iliyokuwa ngumu.

Sasa jambo lenyewe. Kazi yangu unaijua, sina sababu ya kuipamba. Mimi ni nyapara wa watu wa ndoo. Tunapita nyuma ya nyumba, tunafungua vile vilango vya vyoo, tunatoa ndoo, tunamimina kwenye mapipa ya mkokoteni, na ng'ombe wanavuta mpaka shimo la mji ng'ambo ya Sombetini. Watu wanatuita topasi. Kanisani tunakaa benchi la nyuma, karibu na dirisha, na benchi linalotutangulia huwa tupu hata siku ya Ijumaa Kuu. Kazi hii ndiyo iliyokulisha. Ndiyo pia iliyomfanya yule mzee wa Tengeru aikatae posa yako, na kwa fikira zangu ndiyo iliyokupeleka Korogwe. Sikulaumu.

Lakini wiki iliyopita Bwana Afya aliniita ofisini. Amesema mji unakua, ndoo ziondoke. Nyumba za Ngarenaro zitachimbiwa mashimo ya saruji, na mji utanunua gari la kunyonya: lori lenye tangi, pampu na mpira mnene kama mguu wangu. Kuna magari mawili ya kuchagua. Moja ni kubwa, la kijani, jipya kabisa. Jingine ni dogo, la kijivu, lina sura ya kitu kilichokwisha kutumika hata kabla ya kununuliwa. Yote mawili yataletwa kutoka Nairobi yajaribiwe, na kamati itanunua moja. Bwana Afya si mtu mbaya, ila amechoka kama mimi. Akaniuliza, "Sumari, wewe unavijua vichochoro. Unaonaje?" Nikamjibu kwamba mimi ninayemjua ni ng'ombe, lakini nina mtoto ambaye ni fundi wa matrekta.

Basi nakuuliza, tuangalie nini? Na swali la pili. Gari hilo litahitaji fundi wa kulitunza. Ndoo zikiisha, hakuna atakayekuita mtoto wa topasi. Utarudi nyumbani?

Mimi baba yako,
Aminieli Sumari


Shamba la mkonge, karibu na Korogwe
9 Juni 1957

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama nampa shikamoo yake pekee, asichanganyiwe na yako. Leo ni Pentekoste, hatukufanya kazi. Nimefurahi mno kusikia habari za mtoto wa Hanna. Mwambie nitampelekea kitu, nikishajua watoto wa umri huo wanapenda nini. Mimi ni mzima. Chakula kipo, joto lipo, mbu wapo. Msimamizi wetu amesema mwakani huenda nikawekwa kuwa mkubwa wa gereji. Ni maneno tu kwa sasa.

Kuhusu magari. Kamati itauliza tangi linabeba kiasi gani. Wewe uliza gari linapumulia wapi.

Injini inavuta hewa kama mtu. Lori la kawaida hukimbia, vumbi lake likabaki nyuma likawale walio nyuma. Gari la kunyonya husimama. Linasimama mahali pamoja na kunguruma mpaka shimo liishe, na upepo wa Ngarenaro unaujua. Vumbi likiingia ndani likakutana na oili, linakuwa msasa. Linasaga pistoni na ringi polepole, na hutasikia kitu mpaka siku utakaposikia. Hapa shambani tumezika matrekta mawili kwa njia hiyo.

Kwa hiyo fungua boneti. Ukikuta wavu mdogo wa waya mahali pa kuvutia hewa, hilo si gari la nchi ya vumbi. Ukikuta bakuli la oili, hewa ikipita juu yake kwanza na kuacha vumbi lake mle kabla ya kuingia, hilo ndilo. Hata kama ni dogo. Hata kama sura yake ni mbaya.

Tena msiyajaribu sasa, ardhi ingali na unyevu. Ngojeni Julai mwishoni, vumbi likifika kwenye vifundo vya miguu. Yapitisheni njia mbaya kuliko zote, kisha yasimame yanyonye tangu asubuhi mpaka mchana. Halafu mpanguse ndani ya njia ya hewa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kitasema chenyewe.

Kuhusu swali lako la pili, mtu anayepeleka barua stesheni ananigongea mlango, sina budi kukomea hapa.

Mwanao,
Elifuraha


Ngarenaro
28 Julai 1957

Mwanangu Elifuraha,

Amani iwe nawe. Mtu wako wa stesheni ana haraka sana. Mpe salamu zangu, mwambie siku nyingine akusubiri kidogo.

Huku vumbi limekuja na ndugu zake wote. Mlima umepotea, tunaambiwa tu kwamba bado upo. Ukipika loshoro unaifunika kabla hujaiepua. Pudensiana, yule mama wa Kirombo anayeuza maziwa kwenye kona yetu, anasema ng'ombe wake wanakohoa kuliko mumewe. Hanna alikuja na mtoto, akakaa siku moja akamrudisha mlimani, kwa kuwa macho yalimwuma. Mama yako naye si mzima sana, amebeba maji mengi mno wiki hii, mgongo umegoma. Yuko kitandani, ananiamrisha kutoka hukohuko.

Majaribio yamefanyika. Nilimweleza Bwana Afya yote uliyoandika, akasikiliza mpaka mwisho. Hata akasema yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi wa vumbi, na tukachagua njia pamoja: ile inayotoka Sombetini ikaingia kwetu nyuma ya karakana za mafundi baiskeli. Njia hiyo unaikumbuka. Vumbi lake humeza magurudumu ya mkokoteni wetu mpaka nusu.

Wageni walifika asubuhi, Wazungu wa kamati, Wahindi wawili wenye maduka, na bwana mmoja wa kuuza magari aliyevaa soksi nyeupe mpaka magotini. Wanawake wa mtaa walisimama kando ya njia wamevaa khanga zao za Jumapili. Chai ilikuwepo, na maandazi. Magari yakapita, yakasimama, yakanyonya. La kijani lilimaliza mashimo mawili wakati la kijivu bado linahangaika na moja. Boneti zikafunguliwa. La kijivu lina lile bakuli lako. La kijani lina wavu. Bwana Afya akapangusa kwa leso yake mwenyewe, huku na huku. Leso ilitoka nyeupe.

Nilimwambia, "Bwana, tungoje wiki nyingine, tujaribu tena." Akasema kamati inakaa Alhamisi na yule bwana anarudi Nairobi, tena nataka nini zaidi, si leso imeonekana? Niligeuka nikaitazama njia. Wanawake walikuwa wamesimama karibu.

Alhamisi kamati imechagua la kijani. Halitaletwa jingine, hilohilo lililojaribiwa ndilo linalobaki. Kwa hiyo mambo yamekwisha, na swali langu bado liko palepale lilipokuwa.

Baba yako,
Aminieli


Korogwe
11 Agosti 1957

Baba,

Shikamoo. Poleni na vumbi. Mama pole sana na mgongo. Nimempa dereva wa lori la kwenda Moshi chupa ya dawa ya kuchua, akiifikisha vizuri, asipoifikisha ameinywa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Leso ilitoka nyeupe? Ngarenaro, mwezi wa saba, nyuma ya karakana za baiskeli? Baba, huko hata kisahani cha chai hakikai cheupe. Nimelelewa hapo, nimekohoa hapo.

Niambie siku ile vumbi lilikuwa wapi. Na niambie Mama alikuwa anabeba maji ya nini mengi hivyo.

Kama gari mmekwisha kulichukua, basi mwambie Bwana Afya aagize bakuli la oili lifungwe kabla halijaanza kazi. Si baadaye. Kabla.

Mwanao,
Elifuraha


Ngarenaro
8 Septemba 1957

Mwanangu mpendwa,

Mshukuru Mungu pamoja nasi. Dawa ya kuchua ilifika, dereva wako ni mwaminifu, au haipendi ladha yake. Mama yako ameinuka. Mtoto wa Hanna amebatizwa mwezi uliopita kule Poli, na wewe umehesabiwa katika wasimamizi wake wa ubatizo ingawa hukuwepo. Nilijibu kwa niaba yako, kwa hiyo usije ukasema hukuahidi.

Gari linafanya kazi. Elifuraha, natamani ungeona. Linakuja mchana kweupe, mbele ya watu, mpira unashushwa, pampu inanguruma, na mambo yanakwisha. Hakuna mtu anayeinama. Hakuna mtu anayenuka. Sakaya, ambaye amebeba ndoo na mimi tangu wewe hujaota meno ya pili, alikaa juu ya jiwe akalitazama gari mpaka likaondoka, kisha akasema, "Aminieli, kumbe tulikuwa punda." Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Jumamosi ya kwanza tulizipeleka ndoo zote nyuma ya banda la mkokoteni tukaziponda kwa nyundo. Hakuna aliyetuamuru. Philemoni, mwenzetu wa ndoo, alichukua mabati yake akaezekea banda la kuku. Ng'ombe wa mkokoteni wameuzwa. Na Jumapili iliyopita kanisani, mimi na mama yako tulikaa benchi la katikati, na mke wa mwinjilisti akaja kukaa kando yetu, akaweka na kitabu chake cha nyimbo. Mama yako hakuimba. Alikuwa anafuta macho.

Habari ya bakuli, nilimwambia Bwana Afya, akamwandikia yule bwana wa Nairobi. Jibu limekuja kwamba gari hilo limetengenezwa kwa ajili ya Afrika nzima. Bwana Afya alinisomea, akakunja karatasi, akauliza, "Afrika ipi?" Lakini hakuna kilichofanyika.

Habari ya maji, maji ni maji. Mwanamke hubeba maji.

Lakini mimi sikuandika kwa ajili ya bakuli. Nimeandika kwa sababu ndoo zimekwisha. Ile sababu iliyokuondosha haipo tena, tumeiponda kwa nyundo. Chumba chako tumekipaka chokaa. Dereva wa gari ni kijana mzuri lakini wa spana hatunaye. Rudi.

Baba yako


Korogwe
22 Septemba 1957

Baba,

Shikamoo kwako na kwa Mama. Sijambo. Nimefurahi kwa ajili ya benchi, nimefurahi kweli. Msimamizi ameniambia kazi ya ukubwa wa gereji ni yangu kuanzia Januari, na nyumba ya matofali juu yake.

Hujanijibu habari ya vumbi. Moshi wa gari ni wa rangi gani siku hizi?

Mwanao,
Elifuraha


Ngarenaro
20 Oktoba 1957

Mwanangu,

Salamu. Mama yako yupo. Hanna na mtoto hawajambo. Hongera kwa nyumba ya matofali, ni jambo kubwa, hakuna kijana wa kwetu aliyewahi kupewa. Mwandiko huu utauvumilia, bega la kulia limekataa kazi na ninaandika nikiwa nimeegemeza mkono kwenye meza.

Moshi ulikuwa wa buluu ulipouliza. Wiki iliyofuata ukawa mweusi. Kisha gari likaanza kukohoa kama wale ng'ombe wa Pudensiana, likawa linapanda pole pole hata penye tambarare, na Jumatatu, mbele ya duka la Mhindi pale njia panda, likanyamaza na tangi limejaa. Lilivutwa na lori la mawe. Fundi mmoja aliyeitwa na mji alipofungua injini alitoa kitu kama ugali wa ulezi, mweusi, unaokwaruza. Akatuonyesha kiganjani. Nilikumbuka neno lako la msasa.

Sasa nitakujibu, maana umeuliza mara mbili na mimi nimekuzungusha kama mtu anayekimbia mkutano wa ukoo.

Siku moja kabla ya majaribio nilimwambia mama yako, "Kesho wageni wanakuja mtaani kwetu, wakubwa, andaa chai." Hayo tu. Sikumwambia kwamba tunalitaka vumbi. Nani anamwambia mke wake kwamba kesho tunalihitaji vumbi? Basi yeye akafanya anachofanya mwanamke yeyote wa Kimeru akisikia mgeni yuko njiani. Mgeni hapokelewi kwenye vumbi. Aliwaamsha wenzake, Pudensiana na wengine, wakaenda bombani, na bomba lilipokatika wakaenda mtoni, na madebe vichwani, safari baada ya safari, wakafagia ile njia yote kutoka karakana mpaka kwetu, wakaimwagia maji. Maji ya kufulia, maji ya kupikia, waliyamwaga yote. Mimi nilitoka ofisini na wageni. Nilipoikuta njia imekaa kimya, imelowa, inanukia kama mvua ya kwanza, nilijua kitambaa kitatoka cheupe. Yule bwana wa soksi aliwavulia wanawake kofia. Mama yako alitabasamu, Elifuraha. Miaka yote hii hakuna mgeni aliyekuja kwa ajili ya kazi yangu. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kumpokea mtu kwa ajili yangu. Ningesemaje pale? Ningesema, "Bwana, jaribio limeharibika, huyu mke wangu ndiye aliyeliharibu"?

Nilisema tungoje wiki. Hiyo ndiyo nguvu niliyokuwa nayo.

Baadaye Bwana Afya aliniuliza nani aliyeamuru njia imwagiwe maji. Nikamwambia, hakuna aliyeamuru, ni desturi. Akauliza kama desturi hiyo huwa inatoa taarifa siku moja kabla. Sikukasirika. Naye ndiye anayeandikiwa barua kali na wakubwa wake.

Mashimo ya saruji yamejaa. Ndoo hatuna, zimeezeka banda la kuku. Ng'ombe hatuna. Tunateka kwa debe na kamba kama watu wanavyoteka kisimani, tunamimina kwenye mapipa ya lori la kukodi. Ni vibaya kuliko zamani, kwa sababu zamani watu walikuwa wamelala na sasa wanatuona. Sakaya amekwenda zake Monduli kwa mifugo yake, alisema mtu hawezi kufanywa punda mara mbili. Tumebaki mimi na Philemoni na vibarua wanaoacha kazi kabla ya saa sita. Ndiyo maana ya bega. Kanisani tumerudi dirishani wenyewe, bila kusubiri tuachiwe benchi peke yetu.

Mama yako aliniuliza, "Baba Elifuraha, vumbi laweza kuua chuma?" Ningemdanganya, lakini alikwisha kusikia kwa fundi. Tangu siku hiyo hamwagi tone la maji uwanjani. Juzi wakwe wa Hanna walikuja kutoka Poli, wazee wa heshima, aliwakaribisha kwenye vumbi, akawapa viti, akaingia ndani. Ufagio umesimama pale mlangoni. Nimechoka, mwanangu, lakini uchovu wangu naujua, nimeuzoea. Huu wake siujui.

Sikuulizi tena swali langu. Huna utakachokuja kukifanyia kazi huku, na huko una nyumba ya matofali. Kaa. Ombea bega langu.

Baba yako,
Aminieli Sumari


Korogwe
3 Novemba 1957

Baba mpendwa,

Shikamoo, na bega lako shikamoo. Kwa Mama nina maneno yangu chini, msomee polepole.

Gari halijafa. Linahitaji ringi mpya na kusafishwa mpaka ndani, na sijui silinda zimekwaruzwa kiasi gani mpaka nizione. Huku kuna trekta mojawapo ya yale niliyokwambia tumeyazika. Injini yake imekwisha, ila bakuli lake la oili ni zima. Nimeliomba, nimepewa, limo sandukuni limefungwa kwa gunia. Litafungika kwenye la kijani kama nitapata bati la kutengenezea shingo yake. Mwambie Philemoni asimalizie mabati yote kwa kuku.

Nimemwambia msimamizi kwamba Januari ampe mwingine. Amekasirika, ana haki. Natoka hapa Ijumaa.

Sasa nijibu swali lako, na mimi nimekuzungusha vilevile, nimerithi kwako.

Mara ya kwanza niliondoka kwa ajili ya ndoo. Na kwa ajili ya mzee wa Tengeru, sikatai. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu nilikutupia wewe ambaye hukunikosea. Lakini Krismasi, Baba, sikuja kutembea. Nilikuja kukaa. Hamkulifungua sanduku langu, mngelifungua mngekuta spana zote. Nilipoingia getini nikakuta uwanja umefagiwa na kumwagiwa maji. Mama akaniletea kikombe kile cha maua ambacho huwa hakishikwi mpaka aje mchungaji. Wewe ukainuka kwenye kiti chako ukanipisha nikae. Mliniuliza habari za safari. Nikaangalia ile ardhi iliyolowa, nikajiambia, basi, nimekwisha kuwa mgeni. Nikakaa siku mbili kama mgeni, nikaondoka kabla ya jembe. Sikuwa na jinsi ya kuwaambia. Mtu atamlaumuje mama yake kwa kumheshimu? Wewe sasa unajua jinsi ilivyo. Ulisimama kwenye njia iliyolowa kama mimi.

Haikuwa nyama. Nyama ilikuwa laini.

Mwambie Mama hivi. Gari liliuawa na wavu wa waya, na watu waliouona wavu kwa macho yao wakaununua. Maji yake hayana kosa. Wakwe wa Hanna wakija tena afagie, amwagie, awape kikombe cha maua, kama zamani. Mchungaji akija amwagie. Hata yule bwana wa soksi akithubutu kurudi, amwagie, ateleze.

Ila Jumamosi nikifika mimi, asimwage hata tone. Nataka niukute uwanja na vumbi lake, nimkute Mama anafanya kazi zake, asiinuke. Na wewe usinipishe kiti. Nipeni debe na kamba siku hiyohiyo, maana gari litachukua muda na bega lako halina muda.

Mwanao,
Elifuraha